Kabla hujampigia kura jaji, kakae kwanza mahakamani mwake

Mwaka 2018 nilipiga kura yangu ya kwanza nikiwa raia wa Marekani, hapa Houston. Wakati ule Texas bado iliruhusu kuchagua chama kwa kubonyeza mara moja tu, mashine ikajaza nafasi zote zilizobaki: seneta, gavana, na majaji chungu nzima ambao sikuwahi kusikia hata jina lao. Nikatoka nimejaa furaha, nikampigia simu mama Tanga. Akaniuliza, "Kumbe huko hata jaji mnamchagua? Haya, huyo wako ni mtu wa namna gani?"

Sikuwa na la kumjibu, na swali lile halikuniacha.

Sisi tuliotoka Afrika Mashariki hatujalizoea jambo hili. Tanzania, Rais ndiye anayemteua jaji wa Mahakama Kuu baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama. Kenya, tume huwasaili waombaji hadharani kabla ya Rais kuwateua. Texas, jaji wa kaunti yako anayesikiliza talaka, malezi ya watoto, madai ya fedha au kesi ya mauaji husimama na bendera ya chama, anaomba kura, na baada ya miaka 4 anarudi kuomba tena. (Usichanganywe na cheo cha "County Judge". Huyo anaongoza baraza la makamishna, ni mtawala wa kaunti kuliko kuwa mtu wa kesi.)

Wengi huanza kama waendesha mashtaka au mawakili wa utetezi. Wapiga kura walirekebisha katiba ya jimbo mwaka 2021, na kwa mihula inayoanza 2025 na kuendelea anayegombea ujaji wa wilaya (mahakama za jimbo za kesi kubwa) anatakiwa awe na miaka 8 ya uwakili au ujaji. Zamani 4 ilitosha. Kiti kikibaki wazi katikati ya muhula, gavana humteua mtu, halafu mtu huyo naye huja kwetu kuomba kura. Tofauti na gavana, jaji hawezi kukuahidi hukumu, kwa hiyo kampeni yake inakuambia machache sana: picha ya familia, jina kubwa kwenye bango, na salamu kanisani Jumapili.

Kama unadhani kura hizi za majaji, zilizo chini kabisa ya orodha kwenye karatasi ya kura, hazina uzito, tazama suala la dhamana hapa Harris County. Aprili 2017 jaji wa mahakama ya shirikisho, Lee Rosenthal, aliamua kwamba utaratibu wa dhamana kwa makosa madogo ulikuwa unakiuka katiba, maana maskini walikaa rumande kwa kukosa fedha huku mwenye nazo akienda nyumbani. Majaji wengi wa mahakama za kaunti, wanaosikiliza makosa hayo madogo, waliendelea kuupinga uamuzi huo. Uchaguzi wa Novemba 2018 ukawaondoa. Waliochukua viti vyao walibadilisha kanuni mapema 2019, washtakiwa wengi wa makosa madogo wakaanza kuachiwa bila kulipa chochote, na Novemba mwaka huohuo makubaliano yakaidhinishwa mahakamani. Uhuru wa watu wengi sana uliamuliwa na viti ambavyo mimi nilivijaza bila kusoma.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huu: nenda ukakae mahakamani. Kesi nyingi ziko wazi kwa umma na hakuna kiingilio. Vaa nguo ya heshima, zima simu, kaa benchi la nyuma asubuhi moja tu. Angalia kama jaji anaanza kwa wakati, kama amesoma faili, kama anamtazama mtu asiye na wakili sawasawa na anavyomtazama mwenye wakili wa suti ya bei.

Mimi kuna asubuhi nilimwona mzee mmoja wa Bukavu akiwa na mkalimani aliyezungumza kama mtu wa Nairobi. "Dhamana", "mlalamikaji", maneno yote yanampita, naye anaitikia tu kwa adabu. Jaji hajui Kiswahili hata neno moja, lakini alikiona kile kichwa kinachotikisika haraka mno. Akasimamisha shauri, akamwomba mzee aeleze kwa maneno yake mwenyewe alichoelewa. Hakuweza. Nililiandika jina la jaji yule papo hapo.

Wale usioweza kuwaona, soma maoni ya mawakili kuhusu majaji yanayokusanywa na Houston Bar Association, chama cha mawakili wa hapa, na mwongozo wa wapiga kura wa League of Women Voters. Usisubiri Novemba, kwani kwenye mchujo wa Machi, pale kila chama kinapochagua wagombea wake, hujitokeza watu wachache na mara nyingi ndipo mambo yanapoamuliwa. Andika chaguo zako kwenye karatasi, sababu simu hairuhusiwi chumba cha kupigia kura, karatasi inaruhusiwa. Na wewe mwenye grini kadi, nakuomba sana, usijiandikishe wala usipige kura kabla ya kuapa uraia, hata akikusukuma nani. Unaweza kufukuzwa nchini.

Mwaka 2022 nilimpigia mama tena, nikamsimulia majaji wanne niliowaona kwa macho yangu. Yeye alitaka kujua habari za mzee wa Bukavu tu. Nikamwambia shauri liliahirishwa wiki mbili, akatafutiwa mkalimani anayejua Kiswahili cha kwao.