Ukihamia injili, anza na nyimbo zako za zamani

Mdogo wangu, kama umeamua kuacha nyimbo za klabu ili uimbe injili, karibu sana. Nimewapigia kinanda waimbaji wa pande zote mbili hapa Nairobi, na kinachowasumbua wengi waliohama si sauti wala imani. Ni nyimbo walizoziacha.

Kwa hiyo, kabla hujasimama kanisani kutoa ushuhuda, isome mikataba yako. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, rekodi ni ya yule aliyeipanga na kuifanikisha, isipokuwa kama mmekubaliana vingine, na haki hiyo hudumu miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Ikiwa prodyusa ndiye aliyesimamia na kugharamia kila kitu, huwezi kumwamuru aufute wimbo YouTube au autoe Skiza, huduma ya miito ya simu ya Safaricom, eti kwa kuwa umeokoka. Utawaambia waumini umezifuta zote, na jioni hiyo hiyo matatu ya Rongai itapita ikiupiga. Utaitwa mnafiki bure.

Ahidi kilicho mikononi mwako, yaani kutoziimba tena. Mwaka 1979, mwanamuziki wa Marekani Bob Dylan, akiwa ameokoka, alipiga shoo 14 San Francisco bila kuimba hata wimbo mmoja wa zamani. Wengine walimzomea, lakini alishikilia uamuzi wake, ingawa mwaka uliofuata alizirudisha jukwaani. Sahani zake za zamani ziliendelea kuuzwa muda huo wote. Nawe mirabaha yako, yaani malipo ya nyimbo zako zinapotumiwa, itaendelea kuingia. Kuilipia karo ya watoto si dhambi, nionavyo mimi, ila usimfiche mchungaji wako.

Jina la jukwaani lisikunyime usingizi. Mwimbaji wa Kenya Size 8 alipoingia injili mwaka 2013 na “Mateke”, hakulitupa jina lake. Baadaye aliliongezea tu “Reborn”.

Kazi yenyewe ndiyo itakayobadilika. Klabuni watu walikuja kukusikiliza wewe. Ibadani wamekuja kuimba. Shusha kii, yaani wimbo uanze chini kidogo. Mama wa safu ya nyuma hafiki ulikokuwa ukifika wewe, na ukimwacha njiani ataufunga mdomo na kukutazama. Punguza madoido kwenye kiitikio, rudia mistari, mpe nafasi ya kuingia. Hili huwatesa waimbaji hodari kuliko wote, na nawaonea huruma kwa sababu wamelipwa miaka mingi kufanya kinyume chake.

Malipo uyaulize waziwazi mwaliko unapokuja: kuna nauli, kuna sadaka ya shukrani, au unajitolea? Wanamuziki wako nao wana kodi ya nyumba.

Makanisa yatakuita upesi kwa sababu unajulikana. Usiyakimbilie yote. Omba kwanza kuwa mwitikiaji katika timu ya sifa ya kanisa lako, uhudhurie mazoezi kama wengine, na ukialikwa kwingine Jumapili, mwambie kiongozi wa timu mapema ili apange mtu wa kushika nafasi yako.