Je, mbu wa Pemba wameizoea dawa?

SWALI: Assalaam alaykum, Daktari. Nasomesha biolojia katika skuli moja ya Wete. Mwanafunzi wangu kaandika kuwa mbu wameizoea dawa ya kupigia ukutani, ndiyo maana ikabadilishwa. Nikampa alama, nikamwambia huyo ndiye Darwin. Mwalimu mwenzangu akacheka, akasema huyo ni Lamarck. Nani kapatia?

JIBU: Waalaykum salaam, maalim. Kuhusu mbu, umepatia wewe. Kuhusu sentensi ya kijana, kapatia mwenzako, na nampa pole kijana kwa sababu lugha yetu yenyewe imemponza. Mbu asiyeuliwa na dawa tunamwita sugu, na sugu ni ile ngozi ngumu ya kiganja cha mkulima, inayoota kwa kushika jembe kila siku. Lamarck, mwanasayansi Mfaransa, mwaka 1809 alifikiri hivyo hasa: kiumbe hubadilika kwa matumizi, kisha humrithisha mwanawe lile badiliko. Lakini mtoto wa mkulima huzaliwa na viganja laini.

Sasa njoo maabara. Tunachota viluwiluwi kwenye mabonde ya mpunga, tunawalea mpaka wawe mbu, tunawapa maji ya sukari kwenye pamba. Majike wa siku 3 hadi 5, kiasi cha 25, tunawatia katika mrija uliozungushiwa ndani karatasi yenye dawa. Saa moja tu. Tunawahamishia mrija safi, na baada ya saa 24 tunahesabu maiti. Wakifa asilimia 98 na zaidi, dawa ingali kali. Wakifa chini ya 90, usugu umethibitika. Aliyesalimika na aliyekufa walikanyaga karatasi ile ile kwa saa ile ile. Hakuna aliyepata muda wa kuzoea chochote. Waliingia mrijani wakiwa tofauti.

Tofauti hiyo ndiyo waliyoishika Darwin na Wallace, wanasayansi wawili wa Kiingereza. Mimi, kwa Upemba wangu, namwegemea Wallace. Mwanzoni mwa 1858 alikuwa visiwa vya Maluku, Indonesia ya leo, upande wa Ternate, huko huko ilikotoka asili ya mikarafuu yetu. Kalala na homa ya vipindi, mara baridi mara joto, yamkini malaria. Kitandani akaikumbuka hoja ya mchumi Malthus kwamba watu huzaliana kupita chakula, akajiuliza: mbona wengine hufa na wengine hubaki? Homa iliposhuka akaandika jibu, kwamba hubaki wale waliozaliwa na tofauti inayowafaa, akampelekea Darwin, aliyekuwa kalikalia wazo hilo hilo karibu miaka 20. Maandishi yao yakasomwa pamoja London tarehe 1 Julai 1858, wenyewe wote wawili hawapo. Kitabu cha Darwin kikafuata 1859. Huenda basi mbu naye ana mchango wake katika nadharia hii.

Palibaki tundu: urithi. Darwin aliamini sifa za wazazi huchanganyika, na kwa hesabu hiyo usugu wa mbu mmoja ungepotea kama tone la maziwa ndani ya pipa la maji. Mtawa mmoja, Mendel, alikwishatoa jibu mwaka 1866 kwa njegere zake za bustanini, kwamba sifa hurithiwa nzima bila kuyeyuka, lakini hadi 1900 karibu hakuna aliyelijali.

Ubishi wenu wewe na mwenzako ulipimwa Marekani mwaka 1943, na wanasayansi Luria na Delbrück. Walikuza bakteria katika mirija mingi iliyotengana, kisha wakawakutanisha na virusi vinavyowaua. Kama bakteria huwa sugu pale wanapokutana na adui, kila mrija ungetoa wazima wanaokaribiana kwa idadi. Haikuwa hivyo. Mirija mingi haikuwa na mzima hata mmoja, na mara moja moja ukatokea mrija wenye zaidi ya mia. Katika mrija huo badiliko lilitokea mapema, kabla ya virusi, na mwenye nalo akapata nafasi ya kuzaa.

Kwa mbu, wakati mwingine hutosha herufi moja ya jeni kubadilika, na lango la mshipa wa fahamu linalokamatwa na pairethroidi, kundi moja la dawa za mbu, halikamatiki vizuri. Mbu wa namna hiyo wakishakuwa wengi, hubadilishwa dawa, iletwe inayoua kwa njia nyingine.

Alama ya kijana usiifute. Mrejeshee sentensi yake aiandike upya, na safari hii aanze na mbu waliokufa.