Jibu: Waafrika wa kwanza katika Legico ya Tanganyika

Ndugu, umeuliza Waafrika wa kwanza kuingia Legico (Baraza la Kutunga Sheria la wakati wa ukoloni) ya Tanganyika walikuwa nani, na nani aliwachagua. Hakuna aliyewapigia kura. Baraza lilianzishwa 1926, enzi za Gavana Donald Cameron, na kwa karibu miaka 20 halikuwa na Mwafrika hata mmoja. Mwaka 1945 ndipo wakateuliwa wawili, wote machifu: Kidaha Makwaia kutoka Usukuma na Abdiel Shangali wa Machame. Baadaye akaongezwa Adam Sapi Mkwawa wa Uhehe, ambaye alikuja kuwa Spika wa Bunge letu.

Wengi huwabeza machifu hao kuwa vibaraka. Mimi naona si haki: sauti chache, tena za kuteuliwa, zingeshindaje kura za maofisa wa serikali?

Nyerere naye aliteuliwa 1957, akajiuzulu mwaka huohuo alipoona mapendekezo yake hayasikilizwi.

Uchaguzi wenyewe ulikuja kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, kwa utaratibu wa kura tatu: kila mpigakura alilazimika kuchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Na si kila mtu aliruhusiwa kupiga kura, kulikuwa na masharti ya kipato, elimu au cheo. TANU, chama cha Nyerere, nusura ipasuke juu ya kushiriki au kususia uchaguzi huu kwenye mkutano wa Tabora, Januari 1958. Zuberi Mtemvu alijitoa, akaunda chama cha Congress. Waliobaki wakaingia uchaguzini, na wagombea walioungwa mkono na TANU wakashinda, wakiwemo Waasia na Wazungu.