Atlasi ya Pernkopf itumike, lakini isifichwe

Swali la wiki hii linauliza kama ni halali daktari kutumia maarifa ya tiba yaliyopatikana kwa kuwadhulumu watu. Jibu langu ni kwamba ni halali pale tu yanapomwokoa mtu na kukawa hakuna njia nyingine iliyo sawa nayo, na pale tu chanzo chake kinapotajwa waziwazi.

Mengine hayastahili hata kuitwa maarifa. Takwimu za Dachau, kambi ya mateso ya Wanazi nchini Ujerumani, ambako wafungwa walitumbukizwa katika maji ya barafu, zilipochunguzwa baadaye zilikutwa na kasoro nyingi, hivyo hazina cha kugombewa. Ugumu uko kwenye kazi iliyofanywa kwa ustadi.

Eduard Pernkopf, mwanaanatomia wa Vienna, Austria, na mwanachama wa chama cha Wanazi, alianza kutoa atlasi yake ya anatomia, yaani kitabu cha michoro ya mwili wa binadamu iliyochorwa kutokana na maiti zilizopasuliwa, mwaka 1937, na mwaka uliofuata, alipopewa ukuu wa kitivo cha tiba, aliwafukuza walimu wa Kiyahudi. Uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Vienna uliokamilika mwaka 1998 ulibaini kwamba taasisi yake ilipokea maiti zisizopungua 1,377 za watu waliouawa kwa hukumu za utawala ule. Hakuna hata mmoja wao aliyeombwa ridhaa. Mchoraji wake Erich Lepier alizoea kuchora swastika, alama ya Wanazi, ndani ya sahihi yake, pembeni mwa misuli na mishipa iliyochorwa kwa uangalifu wa kustaajabisha. Katika matoleo ya baada ya vita alama hizo zilifutwa, na kwa miaka mingi madaktari waliendelea kukisifu kitabu bila kujua wanamtazama nani. Kufuta huko nakuhesabu kuwa dhuluma ya pili, kwa kuwa kuliwanyang'anya marehemu hata ushahidi wa yaliyowapata.

Mwaka 2014, daktari bingwa wa upasuaji wa neva (mishipa ya fahamu), Susan Mackinnon wa St. Louis, Marekani, alikuwa akimpasua mgonjwa ambaye maumivu ya mguu yalimfanya awe tayari hata kukatwa mguu huo. Neva iliyotafutwa haikuonekana. Aliagiza michoro ya Pernkopf, na kwa msaada wake akaipata. Siwezi kusema kwamba alipaswa kumwacha mgonjwa yule na maumivu yake ili kuwaheshimu wafu, na Rabi Joseph Polak, ambaye mwenyewe alinusurika kambi za Wanazi akiwa mtoto, hakusema hivyo alipoulizwa. Uamuzi wake wa kidini wa mwaka 2017 uliruhusu michoro itumike kuokoa, kwa sharti kwamba kila mtu aelezwe bayana ni michoro ya namna gani.

Wapo wanaosema mgonjwa asisumbuliwe na habari hizo, kwani ana hofu ya kutosha. Sikubaliani nao. Waliokatwakatwa Vienna hawakuulizwa chochote, na tukimnyima mgonjwa wa leo haki ya kuulizwa kwa kisingizio cha kumhurumia, tutakuwa tumeifuata desturi ileile. Inapojulikana mapema kwamba kitabu hicho huenda kikahitajika, aelezwe kabla ya kulazwa usingizi. Akikataa, daktari atafute njia nyingine, hata ikiwa ndefu zaidi.