Zimwi Lako Linakula Nini?

Ukiendesha mchezo wa kuigiza wahusika mezani, yaani mwendeshaji anasimulia kisa na kuwaigiza maadui huku kila mchezaji akiigiza mhusika wake, usianze kumjenga orki au goblini, hao mazimwi wa hadithi za kubuni, kwa silaha zake. Jiulize kwanza anakula nini, na chakula hicho anakipata wapi. Nimeendesha meza kwa miaka kadhaa sasa na sijaona swali linalosaidia kuliko hilo.

Kundi langu liliwahi kupewa kazi na mji mmoja: wafukuzeni orki wanaotuibia ng'ombe. Kabla ya kucheza nilikaa nikajibu swali langu. Orki hawa ni wafugaji, kila kiangazi huvuka mto kufuata malisho, na mwaka huu mji umejenga boma pale pale kivukoni. Basi, hayo tu. Katika kitabu cha sheria za mchezo sikugusa kitu; walibaki na mashoka yao na ukali wao. Lakini wachezaji walipomteka mmoja na kumhoji, alikuwa na la kusema. Mabishano yaliyofuata yalikuwa marefu kuliko vita vyenyewe, na wawili kati yao hawakupatana mpaka mwisho. Vita vilipiganwa hata hivyo, maana mkuu wa mji hakutaka kusikia. Safari hii, hata hivyo, kila mtu alijua anamuua nani.

Walionifungua macho ni matroli, mazimwi wa aina nyingine, wa Glorantha, dunia ya kubuni ya mchezo wa RuneQuest, waliotolewa katika seti nzima ya kwao mwaka 1982. Matroli hawa hula karibu kila kitu, binadamu akiwemo, na waandishi hawakujaribu kuwapamba. Ila wana historia. Waliishi gizani chini ya dunia kwa raha zao, hadi mungu wa jua alipouawa, akashuka kuzimu, na moto wake ukawaunguza wakakimbilia juu. Wana laana pia: wengi wa watoto wao huzaliwa wadogo na dhaifu. Mimi troli wa namna hii ananitisha zaidi, kwa sababu najua alichopoteza.

Dungeons & Dragons, mchezo mwingine wa aina hii, imepita njia ndefu zaidi. Katika The Keep on the Borderlands, kisa chake cha kuchezwa cha mwaka 1979, mapangoni wameorodheshwa hata wanawake na watoto wa orki, na meza nyingi zimegombana juu ya la kuwafanya. Mwaka 2016 mchezaji aliyechagua orki alipunguziwa pointi 2 za akili. Mwaka 2020 adhabu hiyo ikafutwa, na kitabu cha wachezaji cha 2024 kikamweka orki pamoja na wahusika wengine wa kawaida. Nafurahia mabadiliko hayo. Lakini sheria haiwezi kumpa orki maisha. Kazi hiyo ni yako, mwendeshaji. Wala usimgeuze malaika. Mwache awe adui, ila awe adui mwenye sababu.

Kuhusu sauti sina masihara. Usimpe goblini mwizi lafudhi ya kabila la watu. Sote tunazijua lafudhi zinazochekwa kwenye vichekesho, na mwenye lafudhi hiyo huenda amekaa hapo hapo mezani, anacheka kwa mdomo tu. Mpe goblini tabia badala yake: anarudia swali kabla ya kujibu, au hakubali kuketi mpaka mgeni aketi. Pua, nywele na rangi ya ngozi nazo ziache; watu halisi wametukanwa kwa hizo vya kutosha.

Ukihitaji adui wa kupigwa bila maswali, mifupa inayotembea ipo, na hakuna atakayeuliza kuhusu watoto wake.

Jambo jingine ambalo waendeshaji wengi husahau: waruhusu maadui kukimbia. Ni nani anataka kufia pango? Wakishaanguka nusu, waliobaki watupe silaha au watokomee porini. Na kabla hujaanza kucheza, andika mateka atataka nini. Maji, kaka yake aliyejeruhiwa, au mwili wa kiongozi wao ili wakauzike. Wachezaji watakuuliza, na jibu ukiwa nalo tayari hutababaika.