Mtoto akijibu, mwalimu anasikia vipandevipande tu

Dada, kama mtoto anakatikakatika kwenye darasa la mtandaoni la Zoom, usikimbilie kununua bando kubwa. Mwalimu akimsikia mtoto kwa kukatikakatika, shida huwa data inayotoka kwenu, kwa hivyo zima kamera ya mtoto kwanza. Kwenye Zoom video hula kama kilobiti 600 kwa sekunde, sauti peke yake 60 hadi 80 tu. Ya mwalimu bado itaonekana.

Halafu hiyo simu ya hotispoti, inayoipa laptopu intaneti. Ghorofa za huko kwenu Pipeline, Nairobi, zimebanana, na ukiiacha kitandani mawimbi hayaifikii vizuri. Iegeshe kwenye grili ya dirisha, iwe kwenye chaja, na laptopu isikae mbali nayo. Zima masasisho ya Windows. Hayo hula bando kimyakimya.

Mwangwi ni kitu kingine: watoto wawili wakiwa darasa moja, chumba kimoja, spika ya huyu inaingia maiki ya yule. Wape visikizi vya waya, vya bluetooth huisha chaji somo likinoga.

Na darasa likifungwa ghafla dakika ya 40, mwalimu anatumia akaunti ya bure. Subirini alifungue upya.