Bendi ya watu 18, nota za bendi ya watu 60

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafundisha bendi ya vijana hapa Igoma, Mwanza. Tuko 18: tarumbeta tano, klarineti nne, saksafoni za alto mbili na ya tenori moja, tromboni tatu, tuba moja na wapiga ngoma wawili. Desemba tuna onyesho la dakika 40. Mfadhili katuletea boksi la nota, nyingi ni za daraja la 4 la ugumu, na ndani yake kuna First Suite, kazi ya vipande kadhaa ya mtunzi Mwingereza Holst. Wiki tatu tunahangaika nazo, hatufiki popote. Wazee nao wanataka nyimbo za kanisani. Nichague kwa kigezo gani?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Vijana usiwalaumu. Namba ya daraja, ambayo kwa wachapishaji wengi inaanzia 1 hadi 5 au 6, imepangwa kwa bendi yenye viti vyote: fluti, obo, horni nne, yufoniamu, na watu kadhaa kwenye ngoma. Wewe karibu nusu ya hivyo huna. Wimbo wa daraja la 2 unaweza kukushinda kwa sababu tu sauti inayobeba wimbo imepewa chombo ambacho hamna.

Hilo mimi nimelilipia ada. Zamani nilinunua nota kwa kusikiliza rekodi tu kwenye intaneti, bendi kubwa inapiga, wimbo mtamu kweli. Mazoezi ya kwanza tukafika katikati, bendi ikanyamaza. Mizani (vipimo vya mapigo) kumi na mbili nzima kinachosikika ni kangoma kadogo tu, na mimi mbele naendelea kupunga mikono. Wimbo pale walikuwa nao watu wa horni. Horni hatukuwa nayo hata moja.

Tangu siku ile, kabla ya kutoa hela, natafuta nota ya kiongozi, ile yenye sauti zote ukurasa mmoja. Wachapishaji wengi huweka kurasa za kuonjesha kwenye tovuti zao. Naichapa, nachukua penseli, nakata mistari yote ya vyombo nisivyo navyo. Kisha nasoma kilichobaki kuanzia chini kwenda juu. Ukikuta mizani ambayo imebaki na ngoma tu, au besi bila wimbo, tazama kama kuna nota ndogondogo zilizochapwa kwenye sehemu ya chombo kingine. Hizo ndizo kinga yako: mtunzi anakwambia saksafoni ya alto ishike hapa endapo horni haipo. Kama hazipo, unaweza kuandika mwenyewe sehemu ya horni kwa ajili ya alto. Ipandishe hatua nzima moja na uongeze shapu mbili (alama za kupandisha nusu hatua) kwenye funguo, mwanzoni mwa mstari, itatoka sawasawa. Lakini kazi hiyo ifanye kwa wimbo mmoja, si kwa boksi zima.

Halafu acha kumwangalia mpiga tarumbeta wako wa kwanza. Huyo kila mwalimu anamwangalia, na huyo hana shida. Angalia kiti dhaifu. Tromboni ya tatu, kwa mfano, mara nyingi anapewa mtoto mdogo kuliko wote. Fungua sehemu yake utafute B asilia, isiyo na flati (alama ya kushusha nusu hatua), kwenye mstari wa pili kutoka chini. Kwenye tromboni ya kawaida nota hiyo inapatikana nafasi ya saba, mwisho kabisa wa mkono, wakati B flati iliyo jirani yake iko nafasi ya kwanza. Nimemwona kijana akijivuta mpaka bega limetoka mbele ya kidevu na bado nota inatoka chini. Ukikuta B flati na B asilia zimefuatana kwa mwendo wa haraka, rudisha nota kwenye boksi.

Kwa klarineti za pili uliza kama wanavuka kutoka A kwenda B ya mstari wa katikati na kurudi kila mara. Hapo vidole vinabadilika karibu vyote kwa mpigo mmoja. Tarumbeta, tazama G iliyokaa juu ya mstari wa tano. Ikitokea mara mbili tatu mwishoni, sawa. Ikiwa ukurasa wa kwanza tayari wameganda huko, midomo itakuwa imekufa kabla hujafika wimbo wa tatu. Tuba yako ni moja, basi ahemee wapi? Tromboni ya tatu au tenori imsindikize anapovuta pumzi.

Kwa hali yako, sehemu kubwa ya onyesho ningeijaza na nota za fleksi. Hizi zimeandikwa kwa sauti nne au tano tu, na kila sauti imechapwa kwa vyombo kadhaa, hivyo sauti ya tatu anaweza kuipiga tenori au tromboni. Hazina fahari ya Holst, lakini zinasikika zimejaa.

Nyimbo za kanisani wazee wana haki, ila usizichukue kwenye funguo ya kwaya. Kwaya ikiimba kwenye D, tarumbeta na klarineti zinaangukia shapu nne, alto shapu tano, na hapo unakuwa umewatafutia watoto ugomvi bure. Pandisha nusu hatua hadi E flati: tarumbeta anabaki na flati moja, alto hana kitu. Wimbo wa G ushushe hadi F. Na kama mtunzi yu hai, mwombe ruhusa kabla ya kumpangia wimbo wake. Wengi wako simu moja tu kutoka kwako, na hufurahi.

Holst usimtupe. Suite ile ni ya 1909, na mwenyewe alifariki 1934, hivyo nota za zamani za kazi zake zinapatikana bure kwenye IMSLP, maktaba ya nota ya mtandaoni. Kipande cha kwanza kinafunguliwa na tuba na yufoniamu, wimbo wa mizani minane tu, taratibu. Mpe kijana wako wa tuba mizani hiyo minane, tromboni ishike nafasi ya yufoniamu, na kila mazoezi yaanze hivyo, bendi nzima ikiirudia baada yao. Kumpiga Holst mzima, subirini.

Dakika 40 ukitoa hotuba, makofi na kubadilisha viti, muziki ni kama 28. Nyimbo saba zinatosha. Ule mgumu uwe wa pili au wa tatu, midomo ikiwa bado hai, na katikati weka mmoja ambao tarumbeta zinapumzika, klarineti na saksafoni zinabeba.

Kama mtapigia nje, upande wa ziwa, chagua nyimbo ambazo sehemu ya kila mpigaji haizidi kurasa mbili zinazotazamana, na nunua vibanio vya nguo, vinne kwa kila stendi. Upepo wa alasiri pale haukusubiri ufungue ukurasa wa tatu.